Limfosaiti nyingi kwenye uvimbe, ni mbaya?

Swali: Dokta, majibu ya kinyama alichokatwa dada yangu yanasema saratani ya titi tripo negativu, limfosaiti nyingi ndani ya uvimbe. Hizo nyingi ndo hatari?

Jibu: Hapana, hapo afadhali kabisa. Limfosaiti ni chembe nyeupe za damu, zikijazana kwenye uvimbe ujue kinga imeshaushtukia, na kwa saratani hiyo ya tripo negativu (isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala HER2 nyingi), hata ile yenye HER2 nyingi (protini inayochochea uvimbe kukua), wagonjwa wa hivi mara nyingi kemo inawakubali zaidi na saratani hairudi kirahisi. Ila ile inayolishwa na estrojeni, mmh, usishangilie haraka. Tena sio kila askari wa mwili ni wetu, kuna makrofeji (chembe nyingine za kinga) zinageuka zinausaidia uvimbe kuotesha mishipa ya damu! Ulizeni pia steji (saratani imefikia hatua gani) na tezi za kwapani zikoje.