Kabla Hujawasha Video, Waulize Kwanza Wazee

Kila tunapokaribia tarehe 13 Julai, barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, hurudi mazungumzo ya Live Aid, tamasha la 1985 lililofanyika siku moja katika majukwaa mawili, Wembley kule London na Philadelphia kule Marekani. Vijana wa 1985 leo wana wajukuu, na bado wanashindana kueleza Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alivyolitawala jukwaa la Wembley. Nimekuwa nikiwarekodi wazee hawa mashabiki wa roki kwa muda mrefu, na wasomaji kadhaa wameniuliza waanzie wapi na wazee wao.

Anzeni kwa kuzima video.

Mtindo wa siku hizi ni huu: kijana anatoa simu, anaitafuta Queen ya Wembley, anamwekea mzee mbele ya macho, kisha ndipo anamuuliza, "Ami, unakumbuka?" Ami atakumbuka, tena kwa furaha, ila atakumbuka alichokiona dakika hiyo. Picha safi ya intaneti inakaa juu ya ile ya kwake iliyofifia, na kuitoa ya kwake chini ni kazi ngumu. Video ya Wembley dunia nzima inayo. Asichonacho mtu mwingine yeyote ni jinsi tamasha lile lilivyofika Mombasa: kwa redio ya nani, kwa kanda iliyoletwa na baharia gani, katika sebule iliyokusanya watu wangapi. Hilo likifunikwa, limekwenda.

Basi simu ibaki mfukoni. Muulize alikuwa akiishi mtaa gani, nani alikuwa na deki ya video, nani alikaa karibu naye, walikula nini. Usimuulize "uliona nini" mapema. Wengi wa wazee wetu siku yenyewe hawakuona kitu. Walisikia habari, wakasoma gazeti, kisha baada ya miezi kanda ikafika kutoka kwa jamaa wa London ikapita nyumba hadi nyumba mpaka picha ikawa na chenga kama mvua. Mzee akisema "niliona Live Aid", mwache amalize, halafu muulize kwa upole aliiona kwa nani. Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Utakutana na jambo moja karibu kila baraza: watu wanaoapa kwamba Michael Jackson aliimba Live Aid. Hakuimba. Lakini usikimbilie kumsahihisha mzee mbele ya wenzake, maana kuna sababu ya kuaminika. Michael Jackson aliutunga "We Are the World" pamoja na Lionel Richie, ukarekodiwa Januari 1985, na wimbo huo huo ndio uliofunga upande wa Philadelphia, Lionel Richie akiwa jukwaani. Wimbo ulikuwepo, mtunzi mmoja alikuwepo, na moyo wa msikilizaji ukamweka na wa pili. Mimi huliandika alivyolisema, kisha pembeni naandika ilivyokuwa. Yote mawili yana thamani. La kwanza linakuonyesha nyimbo zilizokuwa zikipigwa Mombasa mwaka ule zilivyoshikamana katika akili za watu.

Kuhusu tarehe, usimbane mtu kwa namba. Mpe vigingi vya kujishikia. Tarehe 13 Julai 1985 ilikuwa Jumamosi, wiki chache baada ya Idi ya Ramadhani. Jumatatu yake mkutano mkubwa wa wanawake wa Umoja wa Mataifa ulifunguliwa Nairobi, na ndio mwaka mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza Kenya. Mzee asiyekumbuka mwezi atakumbuka kama mwanawe alikuwa ameingia shule. Pia zigeuze saa ziwe za kwetu. Wembley walifungua saa sita mchana, kwetu ikiwa saa nane. Queen walipanda jukwaani saa mbili na dakika 41 usiku kwa saa za Mombasa, Isha ishasaliwa, wakapiga kwa takriban dakika 20. Philadelphia walimaliza kwetu kukiwa alfajiri ya Jumapili. Mtu akikwambia alifuatilia kwenye redio baada ya Isha, hilo linawezekana kabisa. Akikwambia aliwasikia Queen asubuhi, huenda alisikia marudio, au anakumbuka kanda.

Sasa hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wakusanyaji wengi wanapopita haraka. Tamasha lile halikuwa la Wazungu peke yao. Lilifanywa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, jirani yetu, na picha zilizoamsha dunia zilipigwa na Mkenya. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera kule Korem Oktoba 1984, akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ilirushwa tarehe 23 mwezi huo. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona, akamtafuta mwenzake Midge Ure, wakatoa wimbo wa Band Aid, kundi la waimbaji walilolikusanya, mwisho wa mwaka, na Julai iliyofuata watu wapatao 72,000 wakajaa Wembley. Mohamed Amin alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Nimewatajia jina lake vijana wengi wanaoijua kila noti ya Live Aid, na hawakuwa wakimjua. Linaniuma.

Na Kenya yenyewe 1984 ilikuwa na ukame. Waulize wazee kuhusu mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, uone nyuso zinavyobadilika. Mzee mmoja aliyekuwa ameshikilia habari za gitaa la Brian May wa Queen kwa muda mrefu aliulizwa swali hilo akanyamaza, kisha akaanza kueleza foleni ya unga na jinsi mamake alivyousonga ule ugali wa njano ambao watoto hawakuutaka. Ndipo nilipoelewa kwa nini tamasha lile lilimgusa kuliko mengine yote ya roki aliyoyapenda. Nilimwacha aendelee, na roki tukairudia siku nyingine.

Kisha kuna Freddie. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, akasomeshwa India, na familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa wazee wetu yeye ni mtoto wa pwani hii. Waache wajivunie, ila uwe makini na hadithi zinazochipuka hapo, za mtu aliyecheza naye utotoni au duka alilokuwa akinunua. Ziandike kama zilivyosimuliwa, na jina la msimulizi, bila kuzipa uzito wa historia.

Msiwasahau wanawake wa nyumba. Wanaume watakueleza nani alipiga ngoma. Shangazi yangu, ambaye roki hakuitaka kabisa, ndiye aliyetueleza kwamba kanda ile iliangaliwa kwake usiku wa mvua, kwamba wageni walimaliza mahamri ya asubuhi, na kwamba kitindamimba wake alikuwa hajaanza kutambaa. Kwa mtoto huyo tuliupata mwezi. Wenye sebule walikuwa wao, na macho yao yalikuwa kwa watu badala ya kioo.

Kuhusu kanda zenyewe, unyevu wa pwani ni adui. Chungulia kidirisha cha kanda ya VHS: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Usiitie katika deki, itachafua vichwa vya deki vinavyosoma utepe na kuambukiza kanda nyingine. Mpelekee fundi anayejua kusafisha. Kanda nzima zihifadhi zikiwa zimesimama, zimerudishwa mwanzo, kabatini juu, mbali na spika kwa sababu ya sumaku. Kanda ya Marekani ikikataa au ikitoa picha inayoruka bila rangi, huenda haijaharibika, maana wao walitumia mfumo wa picha wa NTSC na sisi wa PAL, basi tafuta mashine inayosoma zote mbili. Na ukishanakili, kanda asili usiitupe. Live Aid haikutoka rasmi kwa DVD hadi Novemba 2004, na bendi ya Led Zeppelin hawakukubali sehemu yao iwemo. Kanda ya kurekodiwa nyumbani inaweza kubeba kitu ambacho toleo rasmi halina, hata kama ni sauti ya mtangazaji tu.

Siku ya kurekodi mazungumzo, zima feni hata kama kuna joto, kwa sababu kwenye rekodi itasikika kuliko mzee. Funga dirisha la upande wa tuktuk. Weka simu juu ya kanga iliyokunjwa ili mezani pasigonge kila kikombe cha kahawa kinapotuliwa. Chagua wakati baina ya sala mbili, asije akakatizwa katikati ya jambo. Omba ruhusa, na rekodi ianze kwa yeye mwenyewe kutaja jina lake, mtaa wake na tarehe ya leo.

Akishamaliza yote, na umeshanywa kahawa, hapo mwashie video. Endelea kurekodi, maana atakapomwona Paul McCartney wa Beatles akiimba "Let It Be" na maikrofoni imekufa, ataanza kuimba yeye.