Dpi 9,600 za skana ya ofisini

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Babu alikuwa na studio ya picha Tanga, na ametuachia negativu kama 300 za inchi 4 kwa 5, zote nyeusi na nyeupe. Fundi mmoja wa mjini anasema ataziskani kwa dpi 9,600 (nukta kwa kila inchi) kwenye skana yake ya ofisini, halafu programu ya akili bandia "itaongeza ubora", na baada ya hapo negativu zenyewe tunaweza kuzitupa. Mimi nina kamera ya megapikseli 24. Nimpe kazi, ninunue skana, au nifanye mwenyewe?

JIBU: Usimpe. Skana ya ofisini inasoma karatasi: mwanga unatoka chini, unagonga karatasi, unarudi. Negativu inataka mwanga uipenye. Ukiilaza pale na kufunga kifuniko unapata kivuli kizito, na dpi 9,600 zitakupa kivuli hichohicho kwenye faili kubwa zaidi.

Hizo dpi ndizo zinazonichosha. Namba ya kwenye boksi ni hesabu ya hatua za mota na kihisi, haisemi lenzi ya ndani inaona nini. Skana za Epson V700 na V850, zenye taa kwenye kifuniko na nafasi ya filamu mpaka inchi 8 kwa 10, zimeandikwa 6,400. Undani halisi unaishia 2,300 au 2,400 hivi. Kwa 2,400, negativu yako ni pikseli 9,600 kwa 12,000, faili la kijivu la biti 16 lenye MB 230 hivi. Kwa 6,400 faili hilo linafika GB 1.6, na ukikuza nakshi za kanga kwenye picha huoni uzi hata mmoja wa ziada. Zidisha mara 300 uone diski utakazonunua bure.

Ukipata Epson V700 au 4990 ya mtumba inayofanya kazi, chukua. V600 watu huinunua kwa sababu ni rahisi, kisha wanagundua dirisha lake la mwanga lina upana wa sentimita 7 tu na filamu yao ina 10.

Kwako wewe, kamera uliyonayo inatosha. Tafuta taa bapa ya LED yenye CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi) 95 au zaidi, na lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Hata ile ya zamani inayoishia nusu ya ukubwa halisi inafaa. Juu ya taa weka perspeksi (plastiki ngumu) nyeupe ya maziwa, uinue negativu sentimita 3 au 4 kutoka kwenye taa, la sivyo vumbi la taa litaonekana kwenye picha. Ziba pembeni yote kwa karatasi nyeusi na uzime taa za chumba. Ili kamera ikae sambamba na filamu, laza kioo cha kujitazamia mahali pa negativu: lenzi ikijiona katikati kabisa, umepata. Pima maji haikupi uhakika huo, maana meza nayo huwa imeinama. Kisha tundu la lenzi f/8, ISO 100, fokasi na mwanga kwa mkono, RAW (faili ghafi la kamera), taima ya sekunde 2.

Pigo moja linakupa pikseli 4,000 kwa 5,000 hivi, yaani chapa ya sentimita 34 kwa 42 kwa dpi 300. Kwa picha nyingi za familia hiyo inatosha. Zile chache za thamani, piga mapande sita, safu mbili kwa mistari mitatu, kila pande likipandiana na jirani yake kwa theluthi au zaidi. Sogeza filamu, kamera isiguswe. Unganisha kwa Hugin, programu ya kuunga picha ambayo ni bure, geuza hasi kuwa chanya, hifadhi TIFF ya biti 16.

Vumbi lipulizie kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanabaki. Na mtu akikuahidi kufuta vumbi kwa infraredi, mkatalie: kwenye nyeusi na nyeupe ya kawaida picha yenyewe ni fedha, nayo inazuia infraredi kama vumbi linavyozuia, basi mashine inakula picha ikidhani ni uchafu.

Hiyo "kuongeza ubora" ndiyo hatari kuliko yote. Programu haijui shangazi yako alikuwa na sura gani. Inachora jicho na kope kutokana na nyuso nyingine ilizofunzwa, na baada ya miaka kumi wajukuu watakuwa wanamtazama mtu asiyekuwepo. Anayetaka kuchora achore kwenye nakala, na aiandike jina hivyo.

Negativu msitupe. Diski hufa bila kuaga, filamu hiyo imeshaishi miongo. Itoe kwenye plastiki laini inayonata, iweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mbali na bati la paa na unyevu wa pwani. Zinazonuka siki zimeanza kuoza: zitenge na nyingine, na zipigwe kwanza. Zenye neno SAFETY ukingoni hazina tatizo la moto. Zisizo nalo, hasa za kabla ya miaka ya 1950, huenda ni naitreti, aina ya filamu ya zamani ambayo inawaka kwa kasi ya ajabu. Zikiwa zimegeuka manjano na kunata, zisikae karibu na jiko wala juu ya taa ya joto, na zisifungiwe kwenye kopo.