Land Cruiser inapanda mlima kwa shida: je, nibadilishe difu?

Swali

Fundi, pokea salamu zangu kutoka Kabale, Uganda. Nina Land Cruiser ya mfululizo wa 80 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, gia za mkono, na magurudumu ya mbele nayaunga mwenyewe ninapoyahitaji. Mwaka jana nilitoa matairi ya 265/70R16 nikaweka ya 285/75R16 kwa sababu ya barabara za vijijini wakati wa mvua. Tangu hapo gari limekosa nguvu, hasa nikiwa na mzigo kuelekea Kisoro, na gia ya nne haivuti kabisa. Fundi mmoja wa hapa amenishauri nibadilishe difu ya nyuma, yaani gia zilizo katikati ya ekseli, kutoka 4.1 hadi 4.88 (namba hiyo ni mizunguko ya propela shafti, ile shafti itokayo upande wa giaboksi, kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu). Anasema injini itapata nguvu karibu mara mbili, na kwamba difu ya mbele inaweza kusubiri mpaka nipate pesa. Je, nichague 4.3, 4.56 au 4.88?

Jibu

Ndugu yangu, nianze na maneno yaliyonitia hofu zaidi katika barua yako, yaani kwamba difu ya mbele inaweza kusubiri. Haiwezi kusubiri hata siku moja, kama kweli unakusudia kuunga magurudumu manne. Ukiweka 4.88 nyuma na kuacha 4.1 mbele, kila magurudumu ya nyuma yanapotembea mita 100, yale ya mbele yatataka kutembea mita 119, kwa kuwa yote yanazungushwa na transfa moja, ile giaboksi ndogo inayogawa mzunguko mbele na nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo humezwa kwa matairi kuteleza, na ndiyo maana mwenye gari huweza kukaa wiki kadhaa akiamini kwamba mambo ni mazuri. Siku atakayosahau kutoa gia ya magurudumu manne akapanda lami, au tairi likapata mwamba wa kushika, kitu fulani lazima kivunjike: msalaba wa propela shafti, mnyororo au gia za transfa, au meno ya difu ya mbele yenyewe. Kwa magari ambayo magurudumu yote manne huvuta muda wote, kosa hilo ni baya zaidi, maana difu ya katikati itakuwa ikizunguka bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, nayo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye hiyo nguvu inayosemekana itakuwa karibu mara mbili. Kauli hii naisikia kila wiki na inaniumiza, kwa sababu watu wanauza ng'ombe ili wailipie. Difu haitengenezi nguvu. Injini yako ina mitungi sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na nguvu yake ya kuzungusha hufikia kilele kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika. Hakuna meno yoyote utakayoyafunga kwenye ekseli yatakayobadilisha hata moja ya namba hizo. Kazi ya difu ni kubadilishana: inapunguza mwendo na kukurudishia nguvu ya kuzungusha kwenye gurudumu, kiasi kwa kiasi. Kutoka 4.1 hadi 4.88 utapata ongezeko la asilimia 19 kwenye gurudumu, na utalipa asilimia hiyo hiyo katika mizunguko ya injini kwa kila kilomita. Ukitoka gia ya nne kwenda ya tatu, giaboksi yako inakupa karibu asilimia 50 papo hapo, bila kufungua boliti hata moja. Mtu anayeshindwa kupanda na gia ya nne akiwa na mzigo kwenye mlima wa Kisoro hana gari bovu kwa sababu hiyo peke yake; mlima ule hupandwa na gia ya tatu, na mahali pengine ya pili.

Hata hivyo sisemi kwamba malalamiko yako hayana msingi. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi, na la 285/75R16 lina milimita 834. Tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 7 na kidogo, na kwa upande wa injini hiyo ni sawa na kutoka difu ya 4.1 na kushuka hadi 3.8. Ukiwa gia ya nne kwa kilomita 80 kwa saa, zamani injini yako ilizunguka mara 2,240 kwa dakika, yaani palepale penye kilele chake. Leo kwa mwendo huohuo inazunguka chini ya mara 2,090. Ongeza uzito wa tairi lenyewe, ambao lazima uzungushwe kila unapoanza kuondoka. Mtu aliyekuuzia matairi angepaswa kukueleza jambo hili, pamoja na lingine ambalo ni la usalama: saa yako ya mwendo sasa inakudanganya. Ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86, na ukidhani umetii kikomo cha mwendo kwenye kituo cha biashara, umekwisha kukipita.

Kuna na jambo la mahali unapoishi. Kabale ipo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Kisoro hupanda zaidi ya hapo. Hewa ya huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa dizeli haiwaki bila hewa. Gari lilelile linaloonekana jepesi Mombasa litakuwa zito Kabale, hata likiwa jipya kabisa. Sehemu hii ya tatizo lako hailetwi na uchakavu wa kitu chochote, wala hakuna fundi wa kuiondoa.

Kabla hujanunua chochote, nataka uhakikishe kwamba injini inatoa kile inachoweza kutoa. Niliwahi kuletewa gari kutoka upande wa Fort Portal, mwenyewe amekwisha kununua seti mbili za meno ya 4.88, amezifunga kwenye gunia na kuziweka buti. Nilimwomba akae kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, akanyage mafuta mpaka chini, nami nikatazama mkono wa pampu ya dizeli. Ulikuwa umesimama kabla ya kufika kwenye boliti ya kikomo, ukibakiza nafasi ya kuingiza kidole. Nilipochungulia miguuni pake nikakuta kapeti nene la mpira limejikunja chini ya pedeli, na kebo nayo imelegea. Tulilitoa kapeti, tukakaza kebo, tukabadilisha filta ya hewa iliyokuwa imejaa vumbi jekundu hadi mikunjo yake haionekani. Alirudi nyumbani na gunia lake halijafunguliwa.

Kwa hiyo fanya kipimo hicho cha pedeli. Angalia filta ya hewa, kwa sababu barabara za murram huiziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyodhani, na filta ya dizeli vilevile. Ukimaliza safari ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu: ikiwa moja ina joto kupita wenzake, breki ya gurudumu hilo inashika na unapanda mlima huku ukiburuta nanga. Pia tazama moshi. Ukiwa mweusi mzito unapopanda, maana yake mafuta yanazidi hewa, na hapo kuna aina nyingine ya fundi wa njia ya mkato atakayekuambia akufungulie pampu kidogo ili imwage dizeli zaidi. Mkatalie. Kuongeza mafuta mahali pasipo na hewa huongeza moshi na joto tu, na silinda hedi za injini hizi za 1HZ hupata nyufa zikipashwa kupita kiasi.

Ikiwa yote hayo yako sawa na bado unataka matairi hayo makubwa, ndipo tuzungumze juu ya namba. Ili kurudi hasa ulipokuwa ungehitaji 4.4, ambayo kwa difu yako haipo. Ukichukua 4.3 utarudishiwa sehemu kubwa ya ulichopoteza. Ukichukua 4.56 utarudi ulipokuwa na kuongeza asilimia 4 hivi, na saa ya mwendo nayo itasoma juu kidogo ya mwendo halisi, jambo ambalo ni salama kuliko hali ya sasa. Kwa mtu abebaye mzigo karibu kila siku katika milima ya Kigezi, mbele na nyuma pamoja, mimi ningefunga 4.56. Ile 4.88 sikushauri kwa matairi hayo. Utaichosha injini kwenye barabara ya Mbarara hadi Kampala, utakunywa dizeli zaidi mahali ambapo hakuna mlima, na pinioni yenyewe, yaani gia ndogo inayozungusha krauni (gia kubwa ya difu), ni ndogo mno: 4.88 huwa na meno 39 kwenye krauni na 8 tu kwenye pinioni, wakati 4.1 ya gari lako ina meno 37 kwa 9. Kadiri meno yanavyopungua, ndivyo machache yanavyobeba mzigo wote. Na kama barabara zako haziyadai sana matairi hayo, rudisha ya zamani. Ni dawa ya bei nafuu kuliko zote, na haina hatari.

Mtu anayekwenda sokoni kununua difu kuukuu asiiamini namba iliyoandikwa kwa chaki kwenye kasha. Makasha ya 4.1 na 4.3 hufanana kama mayai. Ikiwa imefunguliwa, hesabu meno ya krauni ugawe kwa ya pinioni. Ikiwa bado imo kwenye gari, weka vizuizi madhubuti kwenye magurudumu mengine matatu, gia na transfa ziwe nyutro, uachie breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi chini ya ekseli. Piga alama ya chaki kwenye propela shafti, zungusha gurudumu hilo mara 20 kamili, na mwenzako ahesabu shafti. Ikizunguka mara 41, hiyo ni 4.1, ikizunguka 43, ni 4.3. Kipimo hiki ni kwa difu ya kawaida isiyo na loku, yaani kifaa cha kuyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja.

Linaloniudhi kuliko hata hizo namba ni ufungaji. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani zikawa jozi, na namba yao ya kulingana huchongwa juu yao. Bado nakutana na difu ambazo krauni imetoka gari moja na pinioni gari jingine, kwa sababu tu idadi ya meno inakubaliana. Difu ya namna hiyo itapiga kelele, kisha itakula meno, na hakuna marekebisho ya kuiokoa. Mchezo kati ya meno katika difu nyingi za aina yako unatakiwa uwe kati ya milimita 0.15 na 0.20, na hakuna binadamu anayeweza kuupima kwa kutikisa krauni kwa mkono huku ameinamisha sikio, ingawa nimewaona wengi wakifanya hivyo mbele ya wateja kwa kujiamini kabisa. Hupimwa kwa saa ya kupimia yenye mshale. Nimefungua difu nikakuta vumbi la mbao limechanganywa na oili ili kuua sauti mpaka mteja alipe na kuondoka. Beringi zilikuwa zimekwisha kuliwa, na sumaku ya boliti ya kumwagia oili imevaa manyoya ya chuma marefu kama nusu ya kucha.

Kwa hiyo kabla hujakubaliana na fundi yeyote, mwombe akuonyeshe hiyo saa ya kupimia na rangi ya kupaka meno. Akikuambia kwamba hazihitaji kwa kuwa amefanya kazi hii miaka 20, chukua gari lako uondoke. Anayeijua kazi ataweka beringi na oili sili mpya, atapanga shimu (vibati vyembamba vya kusogeza gia mahali pake), atapaka rangi meno machache, atazungusha, kisha atakuita uone alama ya mguso imekaa katikati ya jino, haikukimbilia ncha wala shina. Baada ya hapo ajaze oili ya GL-5 ya 80W-90 au 85W-90. Nawe safari za kwanza ziwe fupi, kilomita 20 au 30, kisha uiache difu ipoe. Usibebe mzigo mzito wala kuvuta trela katika kilomita 800 za mwanzo, na zikitimia umwage oili hiyo yote uweke nyingine. Ile ya kwanza imiminie kwenye beseni safi juani. Uking'amua mng'ao mwembamba kama wa vumbi la fedha, ni kawaida ya meno mapya. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, usiliondoe gari hapo lilipo. Mwite aliyeifunga difu aje avione ndani ya beseni hilo.