Kashata peke yake haitakufikisha Morogoro

Mkuu, umeuliza ujitengenezee nini nyumbani badala ya jeli za dukani (zile pakiti za sukari nzito wanazonyonya waendesha baiskeli njiani), na kama kashata za karanga zinatosha kwa safari ya baiskeli Dar hadi Morogoro. Naanza na kashata, maana ndizo zilizonitia adabu.

Mara yangu ya kwanza kwenda Bagamoyo na kurudi, kama kilomita 120 kutoka Mwenge, nilibeba kashata sita na chupa mbili za maji matupu. Kwenda nilipaa, sikusikia njaa, basi sikula. Kurudi, nimeshapita Zinga, nakaribia Kerege, miguu ikagoma. Wala haukuwa uchovu niliouzoea: jasho la baridi, mikono inatetemeka, na kila daladala inayonipita naiona adui. Nikatafuna kashata tatu kwa mpigo. Mate yalishakauka, zikawa kama mchanga mdomoni. Nilijikokota hadi Mapinga, mama mmoja muuza ndizi akaniokoa. Nilikula nne, nikakaa chini ya mwembe wake nusu saa nzima.

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hukawia tumboni. Mguu unaokanyaga kwa nguvu unataka sukari, na akiba iliyoko kwenye misuli na ini haivuki saa mbili tatu. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga (sukari ikiwemo) kila saa, na uanze kula kabla njaa haijabisha hodi. Mimi huanza dakika ya 30.

Siku hizi natengeneza hivi: tende robo kilo bila kokwa (zile zilizogandamana kwenye pakiti zinafaa sana, na ni za bei nafuu), ufuta nusu kikombe uliokaangwa bila mafuta, karanga robo kikombe, asali kijiko kimoja cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, hiliki na tangawizi kidogo. Karanga nazitwanga kwanza, kisha tende, halafu vyote pamoja kwenye kinu. Blenda yangu ndogo ilishawahi kutoa moshi kwa kazi hii, sirudii. Tandaza kwenye sinia, gandamiza kwa chupa, acha kwenye friji usiku kucha, kata vipande 12. Kwa hesabu yangu kila kipande kina karibu gramu 19 za wanga. Viwili kwa saa, pamoja na nusu chupa ya maji yenye sukari, na umefikia lengo.

Hiyo chupa: maji mililita 750, sukari vijiko vitatu vya chakula, chumvi ya kubana kwa vidole, ndimu. Basi.

Kufunga ndiko wengi wanakokosea. Kipande kikigandana na karatasi, utasimama kila mara kubandua. Tumia foili, au jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, na uache pembe moja ya kuvutia kwa meno. Jaribu kufungua kwa mkono mmoja ukiwa nyumbani, siyo mbele ya lori la Kibaha!

Kitu kingine: baada ya saa tatu utamu unakera, hata harufu ya tende hutaitaka. Hapo viazi mviringo vidogo, vimechemshwa na chumvi ya kutosha, vina raha yake. Mimi hubeba vitano au sita. Vitumbua nilivijaribu, mafuta yakalowanisha mfuko wa jezi na kiungulia kikanisindikiza hadi nyumbani.

Kwa Morogoro, kama kilomita 190, ongeza vipimo mara moja na nusu upate vipande 18, na Chalinze usipite bila kujaza chupa. Ila kwanza kajaribu kwenye safari fupi, tumbo lako silijui. Kashata zangu bado nazibeba. Nazila nikishafika, na kahawa chungu.