Maswali Yenu: Nani anayapima maji tusiyoyaona?

Tangu tugusie habari za visima kwenye safu hii meseji zimekuwa nyingi mno, siwezi kujibu zote. Nimechukua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kijana aliyeiandika ananikumbusha vijana wengi niliowahi kuwa nao saiti.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza digrii ya jiolojia mwaka jana, niko nyumbani Dodoma. Wenzangu wote wanakimbilia migodini, mi moyo wangu uko kwenye maji ila wazazi wanasema maji hayana hela. Nisomee wapi, na je kazi zipo kweli? (Kijana wa Ipagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye hela wazazi wako hawajakosea sana, mgodi unalipa vizuri zaidi na sitakudanganya. Ila kabla hujapanda basi la Geita naomba ufanye kitu kimoja, nenda Makutupora. Si mbali na hapo kwenu, na maji ya bomba uliyoyanywa tangu utotoni kwa sehemu kubwa yametoka kwenye visima vya pale. Tangu miaka ya 1950 kuna watu walikuwa wanapita kisima kwa kisima wanapima maji yako kina gani, wanaandika na tarehe, basi. Wengi wala hawakuwa na madigrii. Uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja, vita ya Kagera ikaja, mafuta yakaadimika nchi nzima, watu wa Makutupora wanapima tu.

Sasa sikia faida yake. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa London, wakiwa na Japhet Kashaigili wa SUA, kile Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, na wenzao, walichapisha uchambuzi wa vipimo hivyo vya miaka 55 kwenye jarida la Nature Climate Change. Walichokiona ni kwamba maji ya pale hayaongezeki kila masika kama tunavyodhani, yanashuka miaka na miaka halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa sana, kama ile El Nino ya 1997/98, yanapanda kwa kishindo. Yaani akiba ya mji mzima inajazwa na misimu michache. Fikiria ungekuwa na vipimo vya mradi wa miaka mitatu peke yake, ukiangukia miaka ya kushuka ungeandika ripoti kwamba Dodoma inakauka, ukiangukia 1998 ungesema maji bwerere chimbeni tu, na kote kuwili ungekuwa umepotosha nchi. Baadaye mradi wa utafiti wa maji ya chini uitwao GroFutures ulifunga pale vifaa vinavyorekodi vyenyewe, ikaonekana kwamba kwa kiasi kikubwa maji yanazama kupitia michanga ya mito ile ya msimu, hii hii ambayo sisi tunaiona makorongo makavu tunachota mchanga wa kujengea.

Kuhusu kusoma, Chuo cha Maji pale Ubungo kina stashahada ya haidrojiolojia, yaani elimu ya maji ya chini ya ardhi, na uchimbaji wa visima, na usidharau kwamba ni stashahada, mafundi sanifu wanaotoka pale ndo wanaoshika kazi huku chini. Kwa vile una digrii tayari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali za maji, Taasisi ya Nelson Mandela Arusha nao wanafundisha uzamili na uzamivu wa haidrolojia, na SUA utawakuta hao wenyewe wa Makutupora. Lakini usikimbilie masters, tafuta kwanza miezi sita na watu wa kuchimba. Omba ukae kwenye jaribio la kupampu la saa 24. Pampu inawashwa, we unashusha utepe, ukigusa maji unalia piii, unasoma, unaandika, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, baadaye kila dakika tano, halafu kila nusu saa mpaka usiku wa manane uko na tochi mdomoni na shuka mabegani na mbu wanakula masikio. Asubuhi pampu inazimwa na hapo ndo wengi wanafungasha, kumbe maji yakianza kupanda tena unatakiwa upime vilevile, tena kwa haraka ile ile, maana jinsi kisima kinavyorudi ndo kinakwambia kimekaa kwenye mwamba wa namna gani. Nimeona ripoti nyingi mno ambazo ukurasa wa maji kurudi uko mtupu. Ukiweza kukaa usiku ule mpaka mwisho na bado ukapenda kazi, basi we ni wetu, na mshahara tutaupigania pamoja.

SWALI: Nilichimba kisima Mbezi Beach, fundi kaja na waya mbili za shaba kazungukazunguka kiwanjani kasema hapa. Tumeenda mita 60 maji ni chumvi tupu hata nguo hazifuliki. Jirani yangu nyumba ya tatu ana maji baridi. Kwani serikali haina ramani ya kusema wapi pana maji mazuri? (Mama wawili)

JIBU: Pole sana dada yangu, najua hela ilivyouma. Waya za shaba hazioni maji, tuliweke hilo wazi. Ila jirani yako kupata maji baridi si ajabu, chini ya Dar ni matabaka ya mchanga na udongo wa mfinyanzi yamepishana, labda yeye kachimba kifupi akaishia tabaka la juu na wewe ukapitiliza mpaka lenye chumvi. Halafu karibu na bahari kuna la zaidi, maji baridi yamekalia juu ya maji ya bahari, na mtaa mzima ukivuta sana bahari inasogea ndani. Tangu ule ukame wa 1997 watu wa Dar wamechimba visima binafsi bila kuhesabu.

Ramani zipo ila ramani inalishwa na visima, na hapa ndo naumia. Kila kisima kinachochimbwa kinatoa habari, kila mita ule udongo unaotapikwa na mashine unatakiwa upangwe mafungu mafungu chini, mtu auangalie, aandike huu mchanga mnene, huu mfinyanzi wa kijivu, maji yalianza mita ya 18, chumvi ilianza mita ya 41. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka mchimbaji atunze kumbukumbu hizo na azipeleke panapohusika. Sasa nimefika saiti moja mafungu yameshakanyagwa na mbuzi, namuuliza fundi daftari liko wapi ananiambia kichwani mzee. Akiondoka yule, habari ya mita 60 imeondoka naye, na anayechimba kiwanja cha pili anaanza sifuri kama wewe.

Ukichimba tena tumia mwenye leseni ya Wizara ya Maji, uliza kibali ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, ndo wanaosimamia maji ya huko kwenu, na usimalizie malipo mpaka ukabidhiwe maandishi. Kopi moja kaa nayo, nyingine ipeleke bonde hata kama hukuombwa.

SWALI: Mzee mimi ni mwalimu wa sekondari Singida. Kila nikisikia utafiti wa maji ya chini ni mradi wa wafadhili, wanakuja na magari, wanaondoka. Hivi hatuwezi kufanya wenyewe? (Mwalimu K.)

JIBU: Mwalimu, mi sina ugomvi na wageni, Makutupora yenyewe imechambuliwa kwa kushirikiana nao na hela ya Uingereza. Shida ni pale ambapo nyumbani hakuna wa kuuliza swali la pili. Kumbuka Turkana kwa jirani zetu, Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza maji mengi ajabu chini ya bonde la Lotikipi, zaidi ya kyubiki mita bilioni 200, yaliyoonwa kwa picha za satelaiti na kuhakikishwa kwa kuchimba kidogo. Dunia nzima ikashangilia. Walipokuja kuchimba na kupima zaidi wakakuta maji ya Lotikipi yana chumvi isiyonyweka. Wafugaji wa kule walishaahidiwa. Ndo maana nasema unahitaji watu wako wenye maabara yao na visima vyao vya uchunguzi, watakaokuwepo siku ya tangazo na miaka kumi baada ya tangazo.

Na inawezekana. Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 1971 ikaunda Water Research Commission, yaani tume ya utafiti wa maji, utafiti unalipiwa na tozo inayotozwa kwenye matumizi ya maji, kwa hiyo hausubiri bajeti ya mfadhili. Kule Bloemfontein kuna taasisi nzima ya chuo kikuu inayofundisha maji ya chini tu. Sisi nchi yetu imegawanywa mabonde tisa ya maji. Maoni yangu mimi, shilingi chache kwenye kila ankara ziende kwenye visima vya kupimia na mishahara ya wapimaji wa kila bonde, pamoja na nafasi mbili tatu za masters kila mwaka kwa watumishi walioko kazini tayari, sio kwa anayesoma akahamia mgodini. Nitakuwa wa kwanza kulipa.

Shuleni kwako kuna kisima? Basi wanafunzi wako wanaweza kupima kina cha maji kila Jumatatu asubuhi pampu ikiwa haijawashwa, kwa kamba yenye alama tu, wakaandika.

SWALI: Niko Meru. Meno ya watoto wetu yana rangi ya kahawia na tunaambiwa ni maji. Kuna anayelifanyia kazi hili? (Baba Neema)

JIBU: Yupo. Ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya huko kwenu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi kwa miaka mingi tuliruhusu zaidi ya hapo kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara cha utafiti wa kuondoa floraidi, wamefanyia kazi sana mkaa wa mifupa ya ng'ombe, maji yanapita humo floraidi inanasa. Ni utaalamu uliokuzwa hapa hapa nchini na natamani kingekuwa na vijana mara tatu ya waliopo. Kuchemsha hakusaidii kaka, kunazidisha.

Peleka maji yapimwe maabara ya maji Arusha. Chukua chupa ya plastiki, sio kioo, suuza mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho ndo ujaze, bandika karatasi uandike jina la kisima, kijiji, tarehe, na kina chake kama aliyechimba aliwaambia.