Shangazi, usiku namaliza chapati za watoto

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Tangu mama yangu afariki mwaka jana nimeongezeka kilo 14. Mchana najibana kwa chai kavu na maji ya limau. Usiku watoto wakishalala naingia jikoni bila kuwasha taa, nafungua hotpoti na kula chapati za asubuhi mpaka ziishe, halafu nalia. Wifi yangu kaniambia mbele za watu nimekuwa pipa. Dayati nimeanza mara sita. Nikoje mimi? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si hizo kilo 14. Ni taa. Mwenye njaa hupakua, akakaa, akala. Wewe unakula gizani umesimama, kama mwizi kwenye nyumba unayoilipia kodi mwenyewe.

Tuanze na mchana, maana hapo ndipo unapojitegea mtego. Limau haliyeyushi mafuta, lipo tu linakuchoma tumbo. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa takriban miezi sita. Walianza kuwaza chakula kutwa, wengine wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walipofunguliwa kula, wapo waliokula hadi wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Na hao walikuwa na afya njema, hawana msiba wala wifi. Sasa wewe uliyeshinda na chai kavu unajishangaa nini saa nne usiku?

Lakini njaa inamaliza chapati moja, pengine mbili. Zilizobaki zinaliwa na sentensi. Naijua, hata mimi nimeishi nayo: "Nimeshaharibu, basi nimalize tu, kesho naanza upya." Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack waliwapa wanafunzi wa chuo milkshake, kisha wakawaachia aiskrimu waionje wapendavyo. Wale waliozoea kujinyima, wakishakunywa milkshake walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa kujinyima ambao hawakupewa. Inadhaniwa kilichowasukuma ni ile fikra kwamba siku imeshaharibika. Chapati moja haiharibu siku, mwanangu. Mwambie hivyo huyo anayekusemesha gizani, kwa sauti ikibidi.

Halafu kuna mama. Umemtaja mara moja tu, ukamruka ukaenda kwenye kilo. Matanga yakaanuliwa, watu wakaondoka, ukarudi kazini na kupikia watoto. Ulilia lini? Kwa unavyoniandikia, unalia baada ya kula tu, na pengine unaita aibu. Mimi nadhani sehemu ya kilio hicho ni ya mama, imekosa mlango. Vitu vya ngano, mafuta na sukari vinatuliza kweli, ila kwa muda mfupi. Ndiyo maana sijaona mtu aliyefiwa akakimbilia mchicha.

Kwa hiyo asubuhi kunywa chai na kitafunwa, ukae chini. Mchana kula wali na maharage kama binadamu wengine. Usiku miguu ikikupeleka jikoni, nenda, lakini washa taa. Kabla ya kufungua hotpoti jiulize: leo nani kanisema nini? Ukiona bado unataka, weka chapati moja kwenye sahani, ukae mezani uile yote bila kuomba radhi.

Wifi mwite pembeni: "Wifi, mwili wangu usiujadili mbele za watu." Usiongeze neno.

Na ikiwa huku kula kusikozuilika kunakupata angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, nenda hospitali, uliza kitengo cha afya ya akili. Ni ugonjwa unaotambulika na una tiba, si ulafi wala kukosa msimamo. Wakupime na sukari na presha papo hapo. Sikuahidi kilo ngapi zitapungua, na anayekuahidi anakuuzia kitu.

Mizani, kama unayo, iweke juu ya kabati mwezi huu. Na ukiniandikia tena, niambie ni nani aliyekufundisha kusukuma chapati.