Kusomesha watoto nyumbani kwa kipato kidogo: usianze kwa kununua mtaala

Mleta mada, umeeleza kwamba una watoto wawili, wa miaka 5 na 7, kipato kimepungua, na mmeamua wasomee nyumbani angalau mwaka mmoja. Umeuliza ununue mtaala gani. Kwa sasa usinunue wowote. Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe.

Wanangu watatu nimewasomesha nyumbani kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hofu ya kuwaharibia watoto maisha, na hofu ndiyo iliyonitoa hela. Nilinunua seti nzima ya darasa la kwanza, vitabu vya mwanafunzi, vya mazoezi na vya mwalimu, kwa akiba tuliyoiweka kwa ajili ya dharura. Wiki ya tatu nikaona kwamba binti yangu mkubwa katika kusoma yuko mbele sana ya kile kitabu, na katika hesabu yuko nyuma yake. Seti imepangwa kana kwamba mtoto anakwenda mwendo mmoja katika kila somo. Wangu hakuwa hivyo, na sijamwona aliye hivyo.

Kabla ya yote, uliza sheria ya nchi unayoishi. Ujerumani mtoto anatakiwa aende shule, basi. Ufaransa, tangu 2022, mzazi anaomba kibali kwanza. Kwingine unatoa taarifa tu. Nenda ofisi ya elimu iliyo karibu nawe ukaulize, na ukipewa jibu la maandishi litunze.

Kisha tenga wiki mbili za kuwatazama tu, daftari mkononi. Silabi zipi anazijua? Anahesabu mpaka ngapi bila kuruka namba? Anashikaje penseli? Anatulia dakika ngapi kabla hajaanza kujipindapinda kwenye kiti? Daftari hilo litakuonyesha pa kuanzia.

Kwenye kusoma, sisi wa Kiswahili tuna bahati kubwa. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na neno linasomwa jinsi lilivyoandikwa. Nilikata maboksi ya kadibodi kuwa kadi ndogo, nikaanza na konsonanti tano: m, k, t, b, l. Ukizipitisha kwenye irabu unapata silabi 25, na kwa hizo 25 mtoto anaunda bata, kuku, tatu, meli, kabati. Usimwonyeshe maneno, mwachie kadi sakafuni achezee. Siku binti yangu alipopanga ki-ta-bu bila kuelekezwa, alinyamaza, akarudia kwa sauti ndogo, halafu akakimbilia nje kumwita baba yake.

Silabi za mwambatano (mb, nd, nj, sh, ch) zisubiri mpaka hizi nyepesi zimekaa. Na kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili nacho kinasumbua: ngoma na ng'ombe. Mwanangu wa pili alisema "ngombe" karibu miezi miwili. Kadi hazikumsaidia. Kilichomsaidia ni kuguna mdomo ukiwa wazi, sauti itokee puani, halafu amalizie neno. Tulikuwa tukifanya hivyo tukianika nguo.

Kwa herufi zenyewe, kanunue karatasi moja ya msasa. Kata herufi, gundisha kwenye kadibodi, mtoto azifuatishe kwa vidole viwili huku akitamka sauti. Hii ni njia ya Maria Montessori, daktari wa Italia. Nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Roma mwaka 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, na watoto wenyewe walikuwa wa familia maskini. Nalitaja hili kwa sababu vifaa vinavyouzwa leo kwa jina lake ni ghali sana, na mzazi anaweza kudhani njia yenyewe ni ya wenye nacho. Siyo. Sahani ya mchanga mkavu ya kuandikia kwa kidole inafanya kazi ileile.

Vitabu vya hadithi tafuta kwenye tovuti mbili, African Storybook na StoryWeaver. Zote zina hadithi za Kiswahili, ni bure, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa. Siku ukiwa na intaneti pakua nyingi kwa mkupuo. Wasomee kila usiku, hata yule anayejua kusoma, na kesho yake mwombe akusimulie. Usimwulize maswali ya kumtega, msikilize tu. Hapo utajua ameelewa nini, kuliko mtihani wowote niliowahi kumtungia.

Hesabu ndiyo iliyonifundisha uvumilivu. Binti yangu aliandika 42 kutoa 17 ni 35, na mara zote nilizomrekebisha alirudia kosa lilelile. Alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 7 kutoa 2 ni 5, 4 kutoa 1 ni 3. Nilimfokea siku hiyo, na nikachana ukurasa. Alilia, nami nililia baadaye. Kesho yake tulikusanya vijiti, tukafunga kumikumi kwa mpira. Nikamwambia aweke mafungu manne na vijiti viwili, anipe 17. Alitazama vile viwili, akatazama mafungu, akaniuliza, "Mama, naweza kufungua moja?" Akafungua, akawa na mafungu matatu na vijiti 12. Akanipa saba, akanipa na fungu moja. Yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano. Kukopa nilikokuwa nikimwambia wiki nzima alikuona kwa mikono yake. Tulitumia vijiti miezi mitatu kabla ya kurudi kwenye daftari, na sijutii hata siku moja.

Muda: kwa umri wa wanao, dakika 15 kwa somo zinatosha, na jumla ya saa moja au moja na nusu kwa siku. Hadithi, nyimbo na kutazama wadudu na mimea wafanye pamoja. Kusoma na hesabu kila mmoja na zamu yake. Mimi nashona nyumbani, kwa hiyo aliyesubiri zamu alikaa pembeni ya cherehani akinakili sentensi mbili. Siku nyingine ratiba ilivunjika kabisa. Tulisoma hadithi tukalala.

Ukipata hela kidogo, kabla ya kitabu chochote kawapime macho. Mwanangu wa tatu alikuwa akisogeza kitabu puani, nami nikadhani ni uvivu. Wiki sita nzima nilimwita mvivu, mtoto ambaye hakuwa akiona herufi. Hilo bado linaniuma.

Mtaala utafute baada ya miezi mitatu au minne, na nunua kitabu cha somo moja tu, lile unaloona limekushinda. Kwetu ilikuwa hesabu, na tulipata kilichotumika. Weka pia bahasha ya kila mtoto: kazi moja kila wiki, yenye tarehe. Binti yangu aliporudi shuleni, mwalimu aliifungua ile bahasha akamwuliza mawili matatu, akampangia darasa siku hiyohiyo.

Niambie huyo wa miaka 7 ameshafika silabi zipi, na kama anaandika au bado anachora. Nikijua hilo nitakuandikia mpangilio wa kadi nilioufuata, silabi kwa silabi.